Nilimwambia Mwongozaji Sote Wazima

Mie ni muongo. Naanza na hilo kabla ya salamu, ili asije mtu akanionea huruma katikati ya njia. Rafiki yangu leo mkono wake wa kulia haushiki hata kijiko, na sababu ni mimi na ulimi wangu huu. Si mlima, si baridi, wala si kudra tu kama wanavyoniliwaza watu. Ni mimi!

Nisikilizeni basi, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu. Majina nimeyabadilisha, ila mengine yote ni kweli tupu.

Nakaa Maskati. Kazi yangu kupokea watalii wa Kijerumani wanaoshuka kwenye zile meli kubwa pale Bandari ya Sultan Qaboos. Nawazungusha soko la Mutrah, nawaonjesha haluwa, nawapigia domo mpaka wanacheka. Kijerumani nakisema vizuri, na najua kuwa nakisema vizuri, na nadhani balaa langu lilianzia hapo.

Kila mtalii lazima akuoneshe picha za kwao. Theluji, milima, watu wamefunga mbao ndefu miguuni, fimbo mikononi, wanateleza juu ya barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Wenyewe wanaita skii. Miaka nikitazama picha za watu, nikitabasamu, roho inaniuma wallahi! Nikajiapiza kuwa na mie siku moja ntasimama juu ya barafu ile, nipigwe picha, niwaoneshe wao.

Sasa nije kwa Rahma. Rahma tumekua pamoja Wadi Kabir, nyuma ya magereji, nyumba zetu zimegawana ukuta. Wazee wake na wangu walirudi kutoka Unguja, Kiswahili ndicho cha ndani ya nyumba. Na Rahma ana sikoseli, maradhi ya damu ya kuzaliwa nayo. Kwao wanajua, na mie nikijua, kwa sababu tukiwa wadogo nilikuwa nalala kwao, nikamwona anavyogaragara mifupa ikimuuma, anang'ata mto asiamshe watu.

Nje ya hapo hakuna aliyeambiwa. Mnajua kwetu palivyo! Msichana akijulikana ana damu mbovu, posa hukatika, na hata dada zake huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo tunasitiriana. Mie Rahma nimemsitiri tangu skuli. Akikosa wiki nzima, namwambia mwalimu ana mafua.

Alipokuwa mkubwa dawa zikamsaidia, maumivu yakapungua, akawa mwalimu wa watoto wadogo. Mwaka jana akaposwa. Mchumba kijana mtulivu, hana makuu. Na dada wa huyo mchumba, Zuhura, ndiye shoga yetu wa tatu, yule mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili.

Ni Zuhura aliyeleta fikra. "Idi ndogo ikipita twendeni Austria, sisi watatu, kabla huyu hajaingia ndani akaanza kuomba ruhusa ya kwenda dukani!" Nilipiga kigelegele ofisini mpaka bosi akachungulia.

Huku kwetu jua lilikuwa lishaanza kuchoma. Kule ndio kwanza majani yanachipua, maua madogo madogo kila pahala, na theluji ya chini inayeyuka inatiririka barabarani. Lakini juu kabisa, kwenye ile barafu kuu, bado kumeganda. Watu wanapanda na kijumba cha kioo kinachovutwa kwa waya, kisha wanateleza pole pole kwenye tambarare, si kule kuporomoka mlimani mbio kama wendawazimu. Ndiyo safari tuliyoilipia.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa hapo hapo, jina lake Anton. Ndevu nyeupe, mpole, Kiingereza chake hakivuki salamu. Zuhura na Rahma Kijerumani hawajui hata neno. Kwa hiyo mie ndiye nilikuwa mdomo wa wote, na nilivyojiona! Kila akisema jambo wenzangu wananigeukia mimi.

Asubuhi ile hotelini, Zuhura yuko bafuni anatia udhu, Rahma akanivuta dirishani.

"Shoga, daktari wangu wa Maskati alinikanya. Baridi kali hapana, kupanda juu sana hapana. Sikutaka kukuharibieni safari yenu. Mwambie yule mzee kwa Kijerumani chenu, Zuhura hatoelewa. Akisema nibaki, ntabaki mkahawani n'nywe chokoleti yangu, wala sina kinyongo."

"Ntamwambia."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Nimeapa kwa jina la Mungu, jamani, mswaki uko mdomoni!

Tulipofika pale pa kukodi mbao, Anton akatukusanya. Akaniuliza mimi, polepole, kama mtu anayeliuliza hilo kila siku na bado analipa uzito wake. Kuna mwenye moyo? Kuna mwenye kifua? Damu? Mimba? Akaongeza kuwa akiwapo, atabaki hapa chini kwenye joto, na wala si aibu. Na akakumbusha kuwa yeye juu hapandi na watu chini ya watatu, ndio utaratibu wao.

Chini ya watatu! Nikahesabu kichwani, mie na Zuhura ni wawili.

Nikamjibu kwa Kijerumani changu kizuri. "Sote wazima kabisa, tunamshukuru Mungu."

Rahma alikuwa ananitazama. "Umemwambia?"

"Nimeshamwambia."

"Kasema nini?"

"Kasema twende taratibu, ukichoka useme."

Akashusha pumzi, akacheka, akanibana mkono. "Kumbe naweza! Na mie nilishajitayarishia chokoleti."

Nataka nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojidanganya muda mrefu. Nilikuwa najiambia kuwa nilimsitiri. Kwamba angezuiwa, Zuhura angeuliza kwa nini, siri ingetoka, posa ingevunjika, na mie ningekuwa nimemvunjia rafiki yangu maisha. Maneno mazuri, mtu yeyote wa kwetu angeyakubali. Lakini mie naujua moyo wangu. Nilitaka barafu! Nilitaka picha! Sitara nilikuja kuibandika baadaye, nilipoanza kutafuta pa kujificha.

Na si hilo tu. Juu kule hakuna choo. Anton alisema kuna saa kadhaa za kwenda na kurudi, ni weupe mtupu, hakuna hata jiwe la kujibanza. Zuhura akapiga ukelele. "Mie kuchutama mbele ya mzungu? Bora nife! Jamani asinywe mtu maji." Tukacheka. Rahma chupa yake alikuwa nayo mkononi, kwa sababu mgonjwa wa sikoseli maji ndiyo dawa yake ya kwanza, na mie hilo nalijua tangu utotoni, mama yake alikuwa anatukimbiza nayo uwanjani.

Nikamwambia, "Usinywe mno, bibi wewe, utatuaibisha."

Akairudisha chupa kwenye shanta.

Mwanzo, jamani, palikuwa pazuri. Siwezi kusema uongo zaidi ya niliokwisha kusema. Jua linawaka na baridi iko pale pale, theluji inalia chini ya mbao, njia yenyewe mifereji miwili imechongwa sawasawa, unaingiza miguu unakwenda. Zuhura alianguka mara hii, mara ile, kanzu yake ndefu juu ya suruali ya baridi imejaa theluji, anacheka mpaka Anton naye anacheka bila kujua kinachochekwa. Nikapigwa picha yangu. Nimesimama nimeinua fimbo zote mbili, na nyuma yangu, kwa mbali, Rahma ameinama ameshika magoti.

Sikugeuka kumtazama. Picha hiyo nimeifuta kwenye simu lakini bado naiona.

Nilikuja kugeuka niliposikia Zuhura ameacha kucheka. Rahma alikuwa amekaa chini kwenye theluji. "Miguu, mama'ngu. Miguu inanikata." Midomo imegeuka rangi ya majivu. Anton akaja mbio, akapiga magoti, akaniuliza amekuwaje.

Na mie, jamani, na mie nikasema nini? Nikasema, "Amechoka tu, hajazoea."

Anton akamkalisha juu ya begi lake, akamfunika na koti lake mwenyewe, akampa kipande cha chokoleti na chai. Akasema tumpumzishe kidogo. Upepo ukaanza. Tukampumzisha pale pale, kwenye baridi ile ile inayomuua! Rahma akaanza kushika kifua, kila pumzi anaikata katikati. Akanitazama. Hakuweza kusema, lakini macho yalikuwa yananiuliza kwa nini mzee huyu hafanyi haraka na anajua.

Nikaona nimwambie. Kisha nikamwona Zuhura yuko pembeni, nikaufunga mdomo. Wallahi hata pale bado nilikuwa napiga hesabu zangu.

Rahma akafumba macho, hasikii tena. Zuhura ndiye aliyepasuka. "We, mwambie! Mwambie ana sikoseli! Unangoja nini?"

Nikamgeukia. "Unajua?"

"Rahma alimwambia kaka yangu mwenyewe, kabla posa haijakubaliwa! Kaka kasema damu yake yeye ni salama, kapima, na anamtaka hivyo hivyo. Kanikataza nisimwoneshe Rahma kuwa najua, asije akatahayari, na mie nikidhani dawa zimeshamtuliza. Mwambie mzee, Mungu wangu, mwambie!"

Yarabi! Kumbe siri niliyokuwa nailinda haikuwa siri. Kila mmoja wetu alikuwa anamsitiri mwenzake kwa yule yule aliyekwisha kujua, na Rahma anakufa katikati yetu.

Nikamwambia Anton. Nilimwona uso unavyomshuka. Akaitoa redio yake, akapiga kelele ndani yake, kisha akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza. Nilikuuliza damu!" Maneno hayo kayasema kwa Kijerumani, na katika watu wote waliokuwapo pale, niliyeyaelewa ni mimi peke yangu.

Helikopta ikaja ikamchukua. Hospitali wakampa oksijeni, wakambadilisha damu, wakafanya yote ya kufanya. Siku ya pili yake akapigwa na kiharusi.

Hakufa, alhamdulillahi. Lakini mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, maneno yanamtoka mazito. Mwalimu aliyekuwa anaimba na watoto kutwa! Harusi imesogezwa, na mchumba wake haendi popote, kila jioni yuko pale kwao anamshika mkono kumfanyisha mazoezi. Ningeweza kufurahi kwa hilo kama ningekuwa mtu mwengine.

Kinachonimaliza ni kilichokuja baadaye. Rahma alipoanza kusema tena, alimwambia baba yake, "Tulimwambia yule mwongozaji, baba. Alijua." Masikini hakudanganya, ndivyo anavyoamini. Mzee wake, mtu aliyefanya kazi wizarani maisha yake yote, mtu wa haki na utaratibu, akawaka. Mzungu kaambiwa mtoto mgonjwa, kampandisha kwa kutaka pesa! Lazima ashitakiwe, asipandishe mtu tena milele.

Akaniita nyumbani kwao, Wadi Kabir. Wamekaa wote, kahawa na tende katikati, Rahma kwenye kiti chake cha magurudumu. Mzee akaniambia, "Mpigie simu, mwanangu. Itie kwenye spika sote tusikie. Muulize kwa lugha yake, aliambiwa mwanangu ni mgonjwa, akampandisha kwa nini?"

Nikapiga. Anton akaitika mara moja, ananijua, keshanipigia mara nyingi sikupokea.

Nikasema kwa Kijerumani, "Baba yake Rahma yuko hapa, anakusalimu, anakushukuru kwa ulivyomhangaikia binti yake."

Anton akaanza kulia. Akasema halali usingizi. Akasema angeambiwa neno moja tu asingempandisha. Akasema, "Umewaeleza kuwa mimi sikujua? Tafadhali, baba yake ajue kuwa sikujua."

Chumba kizima kinanitazama. Mama yake Rahma keshashika mtandio mdomoni.

"Anasema halali usingizi," nikawaambia. "Anaomba radhi."

"Basi kakiri!" Baba yake akapiga goti lake kwa kiganja. "Mmesikia? Kakiri!"

Hapo Rahma akainua mkono wake ule mzima. Akahangaika na ulimi mpaka neno likatoka. "Muache, baba. Mzee yule hakunifanyia makusudi. Mwambie... mwambie nimemsamehe. Asijitese."

Wote wakalia. Mama yake akaja akanikumbatia, mimi, akanibusu kichwani, akasema, "Na wewe mwanangu umehangaika nasi, Mungu akulipe."

Nilitamani ardhi inimeze! Msamaha uliotakiwa kuja kwangu Rahma kautoa kwa mtu asiyemkosea kitu, na nikapewa mimi niufikishe. Nao sikuufikisha. Nikamwambia Anton, "Rahma anakusalimu," nikakata simu.

Baba yake Rahma bado hajatulia. Binti amesamehe, yeye hajasamehe, na mashtaka anayataka yaende kwa wakubwa wa yule mwongozaji. Anachongoja ni mimi nimtafsirie. Kila akinipigia nasema nna wageni, nna meli leo, nna homa. Anton masikini atakatiwa riziki yake ya maisha kwa sababu yangu!

Na Zuhura ameacha kupokea simu zangu. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa sauti, mfupi. "Mie Kijerumani sijui, lakini uso wa mtu naujua. Yule mzee alishtuka pale juu. Aliyekwisha ambiwa hashtuki vile."

Kazini nimeomba nihamishwe ofisini. Watalii wakinionesha picha za theluji, naangalia pembeni.

Sasa nakuombeni, nyinyi mnaosoma. Khasa nyinyi wa huku Ghuba, mnaokwenda na mama zenu na bibi zenu hospitali mkawasemea kwa Kiarabu na Kiingereza, kwa sababu wao Kiswahili ndicho walichonacho. Mtu akikukabidhi neno lake ulipeleke, lipeleke kama lilivyo! Usilipunguze kwa kuona haya, usilipambe, usimsemee daktari kuwa bibi hajambo kwa sababu wewe una haraka ya kurudi kazini. Mwenzio amekaa pale anakuamini, hana njia ya kujua ulichosema. Na hii sitara yetu, naipenda, nimelelewa nayo, lakini mgonjwa hasitiriwi kwa mtu aliyeshika uhai wake. Mwambieni daktari. Mwambieni mwongozaji. Posa ikivunjika itakuja nyengine!

Na nyinyi wenye maradhi haya, semeni kwa mdomo wenu, hata kwa ishara, msimwachie mtu kama mimi.

Nimebakisha moja. Tangu kile kiharusi Rahma kusoma hawezi, anasema herufi zinamkimbia. Kila Ijumaa baada ya Asri naenda kwao nakaa ubavuni mwake namsomea kwenye simu, na anachokipenda kuliko vyote ni ukurasa huu huu wa watu kuungama. Huwalaani, huwacheka, wengine huwalilia. Nikichoka ananigonga kwa ule mkono mzima, "Soma mpaka mwisho."

Kumwambia kwa mdomo nimejaribu nikashindwa. Nafika mlangoni na maneno ninayo, nikimwona ananitabasamia kwa upande mmoja wa uso, yanapotea. Ndiyo maana nimeyaandika nikayaleta hapa. Yakitoka, Ijumaa nitakwenda, nitakaa pale pale ninapokaa siku zote, mama yake na baba yake wawepo, nitafungua simu na nitayasoma haya. Sitogeuza neno.